JE, KINJEKETILE ANAFAA KUIGWA?

Nianze na ubao. Ubao mweusi uliopauka, una ufa katikati, na juu yake kwa chaki nyeupe: Kinjeketile, mhusika mkuu, sifa zake. Chini yake zikafuata namba za Kirumi. Ni jasiri. Ni mzalendo. Ni mwanamapinduzi. Ana uwezo wa kuunganisha watu. Na ya tano, ambayo haikosi: anafaa kuigwa na jamii. Mwalimu alipomaliza ya tano akapangusa vumbi mikononi, akatuambia tunakili upesi maana kipindi kinakwisha na bado hatujamgusa Kitunda. Tukanakili. Kitunda naye akapata sifa zake nne, Mjerumani akapata tatu (huyo hafai kuigwa), kengele ikalia, tukaenda kunywa uji.

Ndugu msomaji, kama umepita katika shule zetu hizi, hiyo ya tano unaijua. Kila mhusika, hata awe ameteseka vipi ndani ya kitabu, mwisho wa safari hupandishwa kizimbani na hukumu ni mojawapo kati ya mbili tu. Adili wa Shaaban Robert anafaa kuigwa. Ngoswe wa Semzaba, aliyetumwa kuhesabu watu akahesabu mapenzi mpaka karatasi za sensa zikaishia motoni, hafai. Rosa wa Kezilahabi hafai hata kidogo, na mwanafunzi akimwonea huruma anaulizwa kwani yeye ana ajenda gani. Kesi zinakwisha haraka kuliko za mahakama ya mwanzo.

Mimi sikuwa na tatizo na utaratibu huo mpaka nilipofika kwa Kinjeketile. Nikajiuliza swali la kitoto: aigwe kwa lipi? Kesho asubuhi nikiamua kumuiga, naanzia wapi? Nikajitose Rufiji nikae humo usiku kucha? Au nikagawe maji? Swali la kitoto, lakini likikung'ang'ania haliachii.

Kwa wale ambao hawajaisoma tamthilia hiyo ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, nieleze kwa ufupi. Wamatumbi wako chini ya Mjerumani, wanalimishwa pamba kwa nguvu huku mashamba yao wenyewe yanakufa na njaa imeingia nyumbani. Wanaume wanataka kupigana lakini kila kabila linamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Ndipo Kinjeketile anapovutwa na pepo Hongo mpaka mtoni, anazama, watu wanakaa wanasubiri maiti, naye anatoka mzima na maji ya dawa. Atakayeyapata maji haya, risasi haitamdhuru. Waliokuwa hawasalimiani wakawa kitu kimoja.

Ila katika maneno aliyoyatoa akiwa amepandwa, lilimo neno moja baya: kwamba baada ya ushindi watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kichwa kilipotulia, Kinjeketile akaligeuza neno lile, akalitazama nyuma na mbele. Tumwondoe Mjerumani ili tuwe chini ya mwingine? Hongo wetu atasemaje hivyo? Na kama hilo neno lina walakini, je, maji?

Kwangu mimi, tamthilia inaanza hapo. Yote ya nyuma ni maandalizi. Mtu amesema jambo, jambo limetoka, limekwenda vijiji vyote, limeota miguu yake lenyewe, halimhitaji tena aliyelisema. Yeye sasa ana shaka, nalo halina shaka. Anawaambia watu wangoje. Hawangoji, na nani angengoja, njaa ile na viboko vile? Wanakwenda na maji yao mbele ya bunduki na wanakufa. Mwisho Kinjeketile na Kitunda wako kifungoni, na adui anataka kitu kidogo tu. Kinjeketile aseme kwamba maji yalikuwa uongo, basi. Kitunda, ambaye alikuwa jemadari na ameona waliokufa kwa macho yake, anamsihi aseme. Anakataa.

Sasa tazama alichofanya mwandishi. Kinjikitile Ngwale wa kweli, mganga wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Wamatumbi wa Nandete walikuwa wameanza kung'oa pamba mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Hesabu mwenyewe: vita havikuwa na hata majuma mawili. Yule mtu wa kweli hakuiona Mahenge, ambako tarehe 30 Agosti watu walikwenda kwenye boma wakapokewa na bombomu. Hakuiona njaa iliyofuata, Wajerumani walipochoma vyakula makusudi ili njaa imalize kazi ya risasi. Hakujua kwamba wangekufa watu ambao wengine wanawakadiria elfu sabini na tano na wengine laki tatu. Alikufa, pengine, akiamini. Hussein mwenyewe katika utangulizi alionya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia, na hata jina alilibadili kidogo. Akamtoa kitanzini, akamwekea umri wa ziada, akampitisha katika kushindwa kote, akamfikisha kwenye chumba ambacho yule wa kweli hakukifika, akamuuliza: sasa unasemaje?

Hili ubao wetu haukuwa nalo. Nililijua baadaye nikisoma historia, somo jingine, kwa mwalimu mwingine, na nilishtuka mpaka nikafunga daftari. Kumbe ukitaka kumjua mhusika anayetokana na mtu wa kweli, tazama mwandishi amebadili nini. Pale alipobadili ndipo palipomuuma.

Tulikuwa na kijiwe chetu chini ya mwarobaini, nyuma ya maabara. Mimi na rafiki yangu, jina simtaji, tulibishana juu ya chumba kile wiki nzima. Yeye alianza upande wa Kinjeketile. Alisema: tazama ni nani anayeuliza. Ukweli si kitu unachomkabidhi kila anayenyoosha mkono. Afisa hautaki ukweli ule kwa sababu anaupenda. Anautaka autembeze Kusini nzima, awaambie watoto kwamba baba zenu walikuwa wajinga, walipigana kwa ajili ya maji, na kwa hiyo kupigana na serikali ni ujinga. Maji yalikuwa uongo, sawa. Lakini kwamba pamba ya lazima ni utumwa, huo nao ni uongo? Akikana moja, yote mawili yatakwenda na maji. (Alicheka sana kwa msemo wake huo.)

Mimi nikawa Kitunda. Nikasema: waliokufa hawakufa kwa sababu ya neno utumwa. Walikwenda kifua wazi kwa sababu waliambiwa risasi haitaingia. Wangeambiwa itaingia, wangejificha nyuma ya miti, wangepigana usiku, wangeishi. Na huyu bwana alikuwa na shaka kabla! Hapa ndipo nilipompata rafiki yangu. Gerezani, nikamwambia, tumwache, huko ana sababu. Kosa lake si gerezani, kosa lake ni nyumbani. Ziko siku ambazo alijua kuna walakini, na watu wako nje wanapiga ngoma, naye anawaambia subirini tu, bila kuwaambia kwa nini. Kitunda alielezwa. Jeshi halikuelezwa. Mtu aliyekupa ngao akaanza kuitilia shaka, haitoshi kukuambia usiende vitani leo. Akuambie ngao ina tundu.

Rafiki yangu akanyamaza kitambo, kisha akapiga goti lake kofi. "Hiyo ndiyo pointi, bwana! Hiyo haipo kwenye noti za mtu yeyote!" Kuanzia siku ile akawa ameiamini kuliko mimi. Akaitia maneno yake, akaitafutia mifano, akawa anaihubiri bwenini. Mimi nilikuwa nimeisema kwa raha ya kubishana. Sina hakika kama nilikuwa nimeiamini.

Ukaja mtihani wa mwisho wa muhula. Swali la nne: "Kinjeketile ni shujaa anayefaa kuigwa. Jadili."

Jadili! Nililitazama neno lile kama dakika tano nzima. Kwa Kiswahili nilichofundishwa na bibi yangu, kujadili ni kutazama huku na huku. Kwa Kiswahili cha mtihani, jadili maana yake kubali, kisha toa hoja tano zenye mifano. Nilikuwa nimeshaona mwongozo wa kusahihisha unavyokuwa. Nikaandika: ni jasiri, ni mzalendo, ni mwanamapinduzi, ana uwezo wa kuunganisha watu. Nikaandika hitimisho safi. Nikapata kumi na sita juu ya ishirini.

Rafiki yangu alijadili. Alipata tano.

Siku ya kurudisha karatasi Mwalimu alimwita mbele. Akasoma kwa sauti aya yake moja, ile ya ngao yenye tundu, kwa sauti ya kuigiza, na darasa likacheka. Mimi nami nilicheka kidogo, nisikufiche. Halafu Mwalimu, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akamwambia: "Haya, sema mbele ya wenzako kwamba umekosea, nami nitakuruhusu uandike upya, nitakuongezea maksi."

Akasimama pale. Shati limemtoka upande mmoja. "Mwalimu, siwezi kusema nimekosea. Sijaona kosa."

"Hii akili umeitoa wapi? Nani kakufundisha?"

Mimi nilikuwa dawati la tatu. Hakunitazama. Alitazama dirishani akasema, "Ni yangu mwenyewe, Mwalimu." Akarudi kukaa na tano yake.

Nimeipima siku ile mara nyingi, na kila nikiipima inanipa uzito mwingine. Mtu aliyeandika karatasi nzima kwamba Kinjeketile angepaswa kusema kweli, yeye mwenyewe alipoambiwa akane akakataa kama Kinjeketile. Hapo utasema kuna tofauti, na ipo: yeye alikuwa anaamini alichokiandika, Kinjeketile alikuwa ameshaanza kutoamini. Sawa. Lakini halafu akasema uongo, palepale, ili mimi nisalimike. Mtetezi wa ukweli! Je, niandike kwamba anafaa kuigwa? Kwa lipi, kwa kukataa au kwa kudanganya?

Na mimi ni nani katika tamthilia ile? Zamani nilijidai Kitunda. Kitunda alikuwa mstari wa mbele. Mimi nilimpa mtu neno, nikaona linakwenda vitani, nikabaki nyumbani na noti zangu.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta namna ya kutenganisha ukimya na ukimya. Kwa muda nilifikiri nimeipata: uliza nani analipa. Kinjeketile gerezani anapokataa kusema, anayelipa ni yeye, kwa shingo yake. Nyumbani aliponyamaza, waliolipa ni wengine. Ukimya unaoulipia mwenyewe ni uadilifu. Ukimya unaolipiwa na jirani ni woga, hata uupe jina gani. Niliipenda sana kanuni hiyo, nikaiandika kwenye jalada la daftari.

Kisha nikamsoma Kitunda upya, akanivurugia. Kwani gerezani anayelipa ni Kinjeketile peke yake? Watakaokuja kulishika neno lile kesho, wakajitokeza tena kifua wazi kwa sababu mwenye maji hakuwahi kuyakana, hao nao hawalipi? Kinjeketile analiona jambo la mbele zaidi, watoto wasije wakaaibishwa kwa ajili ya baba zao. Kitunda analiona jambo la karibu zaidi, mtu na mwili wake. Na hapa historia, nadhani, inaelekea upande wa Kinjeketile bila kumpa ushindi kamili. Maji hayakuzuia hata risasi moja, lakini yaliwakusanya Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine ambao hakuna hotuba ingewakusanya. Mwaka 1956 Nyerere alisimama Umoja wa Mataifa akaitaja vita ile kama ushahidi kwamba watu hawa hawakuwahi kukubali kutawaliwa. Na Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Songea, mahali waliponyongwa mashujaa wa Kingoni mwaka 1906, akaomba radhi. Hakuna anayewaambia watoto wa Songea kwamba babu zao walikuwa wajinga wa maji. Neno lilikua kweli. Lakini ukimwambia hivyo mama aliyezika wanawe watatu mwaka 1905, sijui kama atakuelewa, wala sidhani ana wajibu wa kukuelewa.

Ndiyo maana ule mstari wa tano unanikera. Si kwamba Kinjeketile hafai. Mstari ule unafunga mlango mapema mno, watu wote tukiwa bado nje. Kuuliza kama mhusika anafaa kuigwa ni kama kuuliza kama mto unafaa kuvukwa: mahali gani, mwezi gani, nani anavuka na amebeba nini kichwani? Mwenye sifa tano ni mzigo wa sifa. Anakuwa mtu pale anapolazimika kuchagua akiwa na habari pungufu, na nyuma yake mlango umekwisha fungwa. Basi nasi tunaomsoma tukae humo pamoja naye kwa muda. Wakati ule alikuwa anajua nini, na nini hakukijua? Nani alikuwa anamsikiliza? Angesema, neno lingeangukia mikononi mwa nani? Mimi ningefanya nini, na siyo mimi wa kwenye insha, mimi wa dawati la tatu?

Nimtetee Mwalimu kidogo, maana nimemsema. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini, vitabu vilikuwa sita, vingine havina jalada. Alijua kwamba mwishoni karatasi zetu zitasahihishwa na mtu asiyetujua, ana rundo mbele yake na mwongozo pembeni, na kwamba mtoto wa mkulima anayetafuta daraja hana nafasi ya kuwa mjanja. Noti zake zilikuwa maji yake. Alitunyunyizia akitutakia mema, na wengi wetu, lazima tukiri, risasi za mtihani hazikutuingia. Mimi cheti ninacho. Kiswahili nilipata B. Sasa naandika riwaya, na nawaambia wenzangu mnaoandika kwamba noti zile zimeniponza: nilimwandikia mama muuza uji wa hadithi yangu orodha ya sifa, mvumilivu, mwenye upendo, mchapakazi, na kwa sura nne nzima mama yule hakufumbua mdomo. Alikuwa ubao. Alianza kuongea siku niliyomfanya aibe pesa za upatu.

Rafiki yangu nilikutana naye mwezi uliopita kituo cha daladala Mbagala. Anauza vipuri vya pikipiki, ameoa, kitambi kimeanza. Tulisalimiana kwa kelele, tukakumbushana mwarobaini, uji wenye mende, yote. Daladala lake lilipofika, mguu mmoja ngazini, akageuka.

"Hivi Mwalimu ulishawahi kumwambia?"

Mwalimu amestaafu, anakaa si mbali na kwetu, namwona msikitini kila Ijumaa.

"Bado," nikamwambia.

Akacheka kicheko chake kilekile, konda akapiga bati, likaondoka.